Vipimo vya Dijitali katika Karakana za Nyumbani: Tuviamini kwa Kiasi Gani?



Katika maombi ya miradi yanayofika ofisini kwetu kutoka sharikani, orodha ya vifaa vya mafundi imebadilika. Zamani kamati ziliomba nyundo, misumeno, vaisi na mashine ya kuchomelea. Siku hizi orodha nyingi zina venia ya dijitali, mizani ya dijitali, na mara nyingine kipima umbali cha leza. Marafiki wetu wa ng'ambo nao hupenda kutuma vifaa hivi kwa sababu ni vyepesi na havijazi mzigo. Tunashukuru kwa hilo. Hata hivyo, lipo swali ambalo kamati inapaswa kulijibu kabla ya kununua, na mfadhili kabla ya kutuma: namba inayoonekana kwenye kioo cha kifaa ni ya kweli kwa kiasi gani, na ni nani anayeihakikisha?

Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo hilo kwa lugha nyepesi, tukiwalenga hasa mafundi wanaofanya kazi nyumbani kwao huko Iyunga.

KWA NINI IYUNGA

Iyunga iko upande wa magharibi wa Jiji la Mbeya, kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Ni sehemu iliyozoea ufundi. Ipo shule ya sekondari ya ufundi yenye jina hilo hilo la Iyunga, na kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), ambacho kilianza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya. Upande huo huo wa mji inapita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Reli hiyo peke yake ni somo la vipimo. Upana wake ni milimita 1,067, na ule wa Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. Tofauti ya milimita 67 tu inatosha kulazimisha mizigo ihamishwe kutoka behewa hadi behewa pale Kidatu, mahali reli hizo mbili zinapokutana.

Kijana aliyemaliza mafunzo VETA au katika chuo cha ufundi cha kanisa mara nyingi huanza na banda la mabati uani, umeme wa nyumbani, vaisi, mashine ya kuchomelea na ya kutoboa. Akibarikiwa hupata mashine ndogo ya kuchonga vyuma. Wateja wake ni wenye mashine za kusaga na kukoboa, pampu za maji, pikipiki na bajaji. Mteja wa namna hii hana njia ya kupima upya kazi aliyofanyiwa. Yeye huipokea kwa imani, hulipa, na kuondoka. Mashine ikikwama baada ya wiki mbili, kikundi cha akina mama kinakosa unga na kipato, na fundi anapoteza jina lake mtaani. Jina hilo ndilo mtaji ambao usharika ulikusudia kumjengea ulipomnunulia vifaa.

NAMBA NYINGI NA USAHIHI NI MAMBO MAWILI

Venia ya dijitali ya kawaida, ile ya urefu wa milimita 150, huonyesha hadi sehemu moja ya mia ya milimita, yaani mm 0.01. Watu wengi wakiona 25.01 huamini kwamba kitu hicho kina mm 25.01 kamili. Sivyo. Karatasi inayokuja na kifaa, ikiwa ni kifaa cha mtengenezaji anayeeleza ukweli, huandika kwamba kinaweza kukosea kwa mm 0.02 au 0.03, juu au chini. Hivyo 25.01 inaweza kuwa kitu chochote kati ya 24.98 na 25.04.

Ni vema kamati ikatofautisha mambo matatu:

- Hatua ndogo: mabadiliko madogo kabisa ambayo kioo kinaweza kuyaonyesha.
- Kurudia: kifaa kutoa jibu lile lile unapopima kitu kile kile mara nyingi.
- Usahihi: jibu hilo kuwa karibu na ukweli.

Fikiria saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, ambayo imechelewa dakika kumi. Inaonyesha sekunde, hiyo ndiyo hatua ndogo. Kila siku imechelewa dakika kumi zile zile, huko ni kurudia. Lakini anayeitegemea atachelewa ibada kila Jumapili. Venia nayo inaweza kuwa hivyo, nzuri kwa macho, imara katika majibu yake, na bado ikawa na kosa.

Sababu moja ni namna inavyofanya kazi. Ndani yake hamna meno ya kuhesabu kama yaliyo katika venia ya saa. Kuna vibamba vidogo vya umeme vilivyopangwa kwenye mwili wa kifaa, na sehemu inayotembea huhesabu imepita vingapi tangu uliposema "hapa ni sifuri". Ukibonyeza kitufe cha sifuri wakati kuna kipande cha chuma au vumbi katikati ya midomo, kifaa kitakubali bila kulalamika, na vipimo vyote vya siku hiyo vitakuwa na kosa. Vivyo hivyo, unyevu, mafuta na maji ya kupoozea yakiingia juu ya vibamba, namba huanza kurukaruka. Wakati wa masika, katika banda lisilo na dari, jambo hili si la kupuuzwa.

Betri nayo ina neno lake. Venia nyingi hutumia betri ya kidonge. Aina ya LR44 hupungua nguvu polepole, na aina ya SR44 hubaki na nguvu ile ile karibu hadi mwisho wake, kwa hiyo hufaa zaidi. Namba zikianza kuwakawaka, betri ibadilishwe kabla ya kupima tena. Aidha, venia nyingi za bei nafuu huendelea kula betri hata zikiwa zimezimwa. Isipotumika kwa siku nyingi, betri itolewe.

MFANO WA SHAFTI YA MASHINE YA KUSAGA

Tuchukue beringi namba 6205, mojawapo ya zinazopatikana kwa urahisi madukani. Tundu lake ni mm 25, kipenyo cha nje ni mm 52, na unene wake ni mm 15. Ili beringi ikae vizuri juu ya shafti inayozunguka, daraja moja linalotumika sana (k6) linataka shafti iwe kati ya mm 25.002 na 25.015. Nafasi yote anayopewa fundi ni mm 0.013. Unywele wa mtu una unene wa kati ya mm 0.05 na 0.1, nafasi hii ni ndogo kuliko unywele mara kadhaa.

Fundi akichonga shafti na venia yake ikasoma 25.01, anaweza kufurahi. Lakini tumeona kwamba ukweli unaweza kuwa 24.98. Hapo shafti ni nyembamba, beringi itazunguka juu yake, chuma kitalika, na mtikisiko utaanza. Ukweli ukiwa 25.04, beringi itaingia kwa kubanwa mno, gololi zitakosa nafasi, na joto litaiua mapema. Mwenye mashine ataambiwa kwamba beringi ilikuwa feki, wakati tatizo lilianzia kwenye kupima.

Kanuni ambayo mafundi wa viwandani huifuata ni kwamba kosa la kifaa lisizidi robo ya nafasi inayoruhusiwa, na ikiwezekana liwe sehemu ya kumi. Kwa shafti hii venia haifai kutoa uamuzi wa mwisho, hata iwe ya gharama kubwa. Kazi hiyo ni ya maikromita, ambayo kosa lake ni mm chache za elfu. Ieleweke pia kwamba maikromita ya mm 0 hadi 25 haitoshi hapa, kwa kuwa shafti inazidi 25. Inahitajika ile ya mm 25 hadi 50, pamoja na kijiti chake cha chuma cha mm 25 cha kuhakikia.

Je, venia haina kazi? Inayo, na ni nyingi: kupima mabomba, bolti, unene wa bati na flati, tundu la kutoboa, urefu wa pini, na kuchonga shafti hadi inapokaribia kipimo chake. Kwa kazi ambazo nafasi yake ni mm 0.1 au zaidi, venia nzuri ni rafiki mwaminifu.

JOTO

Vipimo vya urefu duniani kote vimekubaliwa kusomwa katika nyuzi joto 20 za Selsiasi. Mbeya asubuhi ya Juni au Julai inaweza kuwa chini ya nyuzi 10, na mchana banda la mabati likawa na joto kali. Chuma cha pua cha mita moja hurefuka kwa mm 0.0115 hivi kwa kila nyuzi moja. Fundi na venia yake wakiwa katika banda moja, chuma na kifaa hupanuka pamoja, na kosa huwa dogo.

Hatari iko kwenye kupima kitu kilichotoka kuchongwa. Shafti ya mm 25 yenye nyuzi 60 imepanuka kwa karibu mm 0.012 kuliko itakavyokuwa ikipoa hadi 20. Hiyo ni karibu nafasi yote tuliyoitaja hapo juu. Ushauri ni mmoja: acha ipoe, kisha pima. Subira hii haina gharama.

MIZANI INAYOTOKA ULAYA

Baadhi ya karakana za nyumbani hukamua alizeti, husaga nafaka au hutengeneza sabuni, na hapo mizani ya dijitali huingia. Wakulima wetu wameteseka na lumbesa kwa miaka mingi, na mizani ni dawa yake. Lakini dawa hiyo nayo ina masharti.

Mizani ya dijitali husikia nguvu ambayo dunia inaivuta mzigo, kisha huigeuza kuwa kilo. Nguvu hiyo hailingani kila mahali. Mbeya iko karibu na ikweta na iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu zote mbili mvuto hapa ni mdogo kidogo. Ujerumani ni mita 9.81 hivi kwa sekunde ya mraba, na hapa kwetu ni karibu 9.78. Mizani iliyorekebishwa huko na kuletwa hapa bila kurekebishwa upya itapunguza zaidi ya gramu 300 katika kila kilo 100. Kwa magunia 100, mkulima amepoteza zaidi ya kilo 30 bila mtu yeyote kukusudia kumdhulumu.

Tiba yake ni rahisi. Mizani irekebishwe hapa hapa kwa mawe ya mizani yaliyohakikiwa. Zaidi ya hayo, mizani yoyote inayotumika kununulia na kuuzia inatakiwa kisheria ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, ulioanza kazi mwaka 2002, na kupewa alama yake. Mizani isiyo na alama hiyo isiwekwe mbele ya mteja, hata kama ni zawadi mpya ndani ya boksi.

VIFAA VINGINE KWA KIFUPI

Multimita. Betri yake inapokaribia kwisha, multimita nyingi za bei nafuu hudanganya. Hapa kosa linaweza kugharimu uhai. Kabla ya kushika waya, fundi apime kwanza soketi anayojua ina umeme, kisha apime waya husika, halafu arudie soketi ile ile. Zote mbili za soketi zikikubali karibu volti 230, basi jibu la katikati linaaminika.

Kipima umbali cha leza. Vingi hukosea kwa mm 2 hivi, na hilo linatosha kabisa kwa kupima ukuta au paa la kanisa. Makosa makubwa hutoka kwa mtumiaji: kifaa kimewekwa kuhesabu kuanzia kitako, naye anapima kuanzia mbele. Juani pia doa la leza halionekani vizuri.

Pima maji ya dijitali. Kosa la digrii 0.1 ni dogo kwa kusikia, lakini kwenye boriti ya mita 6 ni mm 10. Iweke juu ya meza, soma, kisha igeuze kichwa na miguu pale pale na usome tena. Majibu yasipolingana, irekebishwe kwanza.

NAMNA YA KUHAKIKI VENIA NYUMBANI

Hatua hizi huchukua dakika kumi. Tunashauri zifanyike kila Jumatatu asubuhi kabla ya kazi.

1. Futa midomo kwa kitambaa safi. Ifunge na uitazame kuelekea mwanga. Mwanga ukipenya katikati ya midomo, imechakaa au imepinda.
2. Weka sifuri. Fungua na ufunge mara kumi. Irudi kwenye sifuri, au isitofautiane zaidi ya mm 0.01.
3. Pima kitu chenye kipimo kinachojulikana. Viwandani hutumika vipande maalumu vya chuma ambavyo Mswidi Carl Edvard Johansson alivibuni mwaka 1896. Fundi wa nyumbani asiye navyo anaweza kutumia beringi mpya ya 6205 ya mtengenezaji wa kuaminika. Kipenyo chake cha nje hutengenezwa kati ya mm 51.987 na 52.000. Venia ikisoma chini ya 51.95 au juu ya 52.03, iwekwe kando. Unene wa beringi usitumike kuhakikia, maana watengenezaji wanaruhusiwa tofauti kubwa zaidi hapo.
4. Pima beringi hiyo ikiwa karibu na mwili wa venia, kisha kwenye ncha za midomo. Majibu yakiachana, midomo haiko sambamba. Ndiyo maana katika kazi yoyote kitu hupimwa karibu na mwili wa kifaa.
5. Mpe fundi wa pili apime bila kumwambia jibu lako. Mkono mzito na mkono mwepesi havisomi sawa.
6. Andika tarehe na majibu kwenye daftari.

Beringi ya kuhakikia isifungwe kwenye mashine yoyote. Ifutwe, ipakwe mafuta kidogo, na ihifadhiwe kwenye boksi lake.

TUNAVYOSHAURI KAMATI ZA SHARIKA

Kwanza, kamati isinunulie kila fundi kila kitu. Mafundi kumi wanaweza kuwa na venia zao kumi za kawaida, na usharika ukatunza seti moja ya kuhakikia: maikromita mbili (0–25 na 25–50) pamoja na kijiti chake, vipande vichache vya kupimia, na daftari. Seti hiyo ikae kwa mtu mmoja anayewajibika, itoke kwa saini na kurudi kwa saini.

Pili, bajeti iwe na kifungu cha ugezi, yaani kulinganisha kifaa na kipimo kinachoaminika zaidi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina maabara ya ugezi. Si lazima kupeleka venia kumi. Ni seti ya kuhakikia tu ndiyo ipelekwe, na zile kumi zilinganishwe nayo nyumbani. Kwa ushauri wa kazi na mashine, SIDO na walimu wa vyuo vya ufundi walio jirani wanafaa kuombwa.

Tatu, venia ya zamani isiyo na betri isitupwe. Inasomwa kwa taabu kidogo, lakini ni shahidi wa pili. Kanuni ya mashahidi katika Kumbukumbu la Torati 19:15 inafaa hata karakanani.

Nne, taarifa ya robo mwaka isiishie kutaja vifaa vingapi vimenunuliwa. Itaje vingapi vimehakikiwa, vingapi vimewekwa kando, na kazi ngapi zimerudishwa na wateja. Taarifa inayokiri kwamba venia tatu zimewekwa kando inatupa imani kuliko ile inayosema vyote ni vizima.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Mkituma kifaa cha kupimia, tunaomba kije na karatasi yake inayoeleza kiasi cha kosa, maelekezo ya matumizi, na betri za akiba. Venia moja nzuri yenye karatasi ni msaada mkubwa kuliko tano zisizojulikana zilikotoka. Kwa upande wa mizani, ni heri mkatuma fedha inunuliwe na kuhakikiwa hapa hapa Mbeya, kwa sababu tulizozieleza. Aidha, msione ajabu mkikuta katika bajeti zetu gharama za ugezi, ambazo haziwezi kupigwa picha wala kubandikwa jina la mfadhili. Ndizo zinazofanya vifaa vingine vyote viwe na maana.

MWISHO

Mambo ya Walawi 19:35-36 na Mithali 11:1 huhubiriwa mara nyingi kwa wafanyabiashara wa sokoni. Mafungu hayo yanamhusu pia fundi wa Iyunga anayepima shafti peke yake uani, mahali ambapo hakuna anayemwona. Yeye ndiye anayejua kama alisubiri chuma kipoe, kama alifuta midomo ya venia, na kama alipima mara ya pili. Tukimpa kifaa bila kumpa njia ya kukihakiki, tumemwachia mzigo wa uaminifu bila kumsaidia kuubeba.

Kamati zinazoandaa maombi ya vifaa kwa ajili ya robo ijayo zinaombwa kuambatanisha jina la mtunza seti ya kuhakikia na nakala ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.